Baridi Iliyomfufua Shangazi Nyemo

Nakumbuka siku niliyomuua shangazi yangu Nyemo. Usishtuke, mwanangu. Alikuwa mzima wa afya, analima, anacheka, anawapiga watu vijembe kisimani, nami nilimmaliza kwa maneno matupu nikiwa nyuma ya lori lililokuwa likienda Bahi kuchukua mpunga. Sikuwa na ugomvi naye hata kidogo. Nilimuua kwa sababu ya nyumba.

Siku hizi nawaona vijana mnapanda vilima na mahema yenu ya rangi rangi, mnapiga kambi, mnapiga picha, asubuhi mnarudi mjini. Mnanikumbusha mambo. Kaa basi nikueleze, na kama una haraka nenda kwanza ukaimalize haraka yako, kwa maana habari hii haitaki kukimbizwa.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Nilipanga chumba Chang'ombe pamoja na wenzangu wawili wa ofisi ileile. Mmoja alikuwa Salimu, Mdigo wa Tanga, mwembamba, mpole, aliyekuwa akijipaka mafuta ya nazi kichwani asubuhi na jioni mpaka mto wake ukawa unang'aa. Wa pili alikuwa Mushi, Mchaga wa Kibosho, mtu wa kifua kipana, ambaye hukuweza kutaja jambo lolote asikuambie kwamba kwao lipo, tena kubwa zaidi. Ukitaja mvua, kwao inanyesha mara mbili kwa siku. Ukitaja baridi, hapo umemkaribisha nyumbani: atakusimulia jinsi maji yanavyoganda ndani ya ndoo, na watoto wakayavunja vipande wakawa wanamumunya njiani wakienda shule.

Mimi nami, Mgogo niliyebanwa katikati ya mtu wa mlima na mtu wa bahari, ningetaja nini? Kwetu ni upepo, vumbi, uwele na ng'ombe. Nikaona nisiachwe nyuma. Jioni moja tukiwa tunakula nikasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo tu, kwamba baba yangu ana nyumba ya bati, vyumba sita, sakafu ya saruji, na varanda ya kupunga upepo. Wenzangu wakaitikia kwa heshima, na Mushi kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuongeza. Raha ya ushindi huo niliila kwa wiki mbili.

Ukweli ni kwamba nyumba ya baba ilikuwa tembe. Pengine wewe hujawahi kuingia ndani ya tembe. Ni nyumba yetu ya asili: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo vilevile, na mlango mfupi unaomlazimisha mgeni mrefu kusalimia kwa kuinama atake asitake. Upande mmoja wanalala watu, upande wa pili wanalala ndama na mbuzi, na kati yao ni uzio wa fito tu. Inanukia moshi, maziwa na mifugo. Nilizaliwa humo, nikakua humo, na nilipopata kazi ya kukaa mezani na viatu vya kamba, nikaanza kuionea haya.

Basi mwezi wa saba ukaingia, na sikukuu ya Sabasaba ikaangukia karibu na Jumapili. Salimu akasema, "Yona, safari hii twende kwenu. Tukamwamkie mzee."

"Na mimi niione hiyo varanda," akasema Mushi.

Nikasema, "Karibuni sana." Kwetu mgeni hakataliwi. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila mwenyeji huyu ugonjwa wake ulikuwa uongo, na wageni ndio waliokuwa wakija kuuzidisha.

Usiku huo sikulala, na alfajiri nikaamka na akili ambayo niliiona kubwa mno. Twende, ndiyo, lakini tusilale nyumbani. Tupige kambi juu ya kilima kinachoitazama mbuga ya Bahi, tuote moto, tutazame nyota, kama watalii. Nikamwendea mtunza ghala wa ofisi, nikamwomba hema. Akanipa furushi zito la turubai, akaniambia nilirudishe likiwa safi. Sikulifungua kulitazama. Ningelifungua, mwanangu, hadithi hii ingekuwa fupi.

Tukapanda lori. Tulipotoka nje ya mji, nikawatangazia wenzangu kwamba nyumba imefungwa, watu wote wamekwenda Chemba msibani.

"Nani kafariki?" akauliza Salimu.

Hilo sikuwa nimelipanga. Nikatazama mawingu, na jina la kwanza lililonijia mdomoni ndilo nililolitema. "Shangazi yangu. Dada yake baba. Anaitwa Nyemo."

Salimu akanishika mkono, machozi yakimlenga. "Pole sana, ndugu yangu. Nawe umekuja kutembea nasi badala ya kwenda kuzika?"

Nikasema amekwisha kuzikwa, habari zilinichelewa. Akauliza aliugua nini. Nikasema tumbo. Akauliza ameacha watoto wangapi. Nikampa watoto wanne, wakati shangazi alikuwa nao saba. Uongo haukai peke yake, mwanangu. Ukishaukaribisha mmoja, huwaita ndugu zake. Mushi akasema kwao msiba huchukua wiki mbili, kisha akavua kofia kwa heshima ya marehemu mpaka tuliposhuka.

Tulishuka kabla ya kijiji, kwa amri yangu. Njia ya kawaida ingetupitisha mbele ya mlango wa baba, kwa hiyo nikawazungusha kupitia majaruba ya mpunga, jua likiwa linazama. Sasa kwetu huwezi kupishana na mtu ukampita kama mti. Lazima msalimiane, na lazima aulize wewe ni wa nyumba ya nani. Mama mmoja aliyebeba kuni akatusalimia, "Mbukwenyi!" na mimi, mtoto wa pale pale, badala ya kuitikia nikajifunika turubai kichwani. Salimu ndiye aliyemwitikia, tena kwa Kigogo nilichomfundisha mwenyewe. Yule mama akalitazama furushi lenye miguu, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kulikuwa na mfereji mmoja uliobaki na maji. Watu wa kijiji walikuwa na daraja lao, lakini daraja lilikuwa upande wa nyumbani, kwa hiyo tukavukia kwenye gogo. Mimi nikapita, Mushi akapita. Salimu akateleza, akazama hadi kifuani, yeye na mfuko wake wenye sweta lake la pekee na msuli wake. Kitu kimoja tu kilichonusurika ni chupa ndogo ya mafuta ya nazi iliyokuwa mfukoni mwa shati, na hiyo ni kwa sababu ilikuwa na kizibo.

"Twende kwa watu tukaombe moto," akasema, maji yakimchuruzika.

"Hapa hakuna watu," nikamjibu. Nyuma yangu mbuzi walikuwa wanalia, mbwa anabweka, na mtu anatwanga uwele kinuni.

Tulipofika kilimani tukalifungua hema. Lilikuwa lile la kuwakinga wageni rasmi jua siku za mikutano. Lilikuwa na paa. Kuta hazikuwemo, wala hazijawahi kuwemo. Tukalisimamisha hivyo hivyo kwa fito, tukakaa chini yake kama wageni rasmi wanaosubiri hotuba.

Kisha upepo ukaja. Wewe unayeijua Dodoma ya mwezi wa saba huhitaji maelezo. Upepo ule hauna kilima cha kuuzuia wala msitu wa kuuchosha, na hausumbuki kumzunguka mtu, unapita katikati. Hema likang'oka mara ya kwanza, tukalikimbilia. Likang'oka mara ya pili, tukaliacha lilale. Moto tuliouwasha ukalala ubavu, ukawa unayapasha joto mawe ya upande wa pili. Tukauwasha tena na tena mpaka kiberiti kikaisha. Tukabaki watu watatu na mablanketi mawili, Salimu akiwa na nguo mbichi mwilini chini ya koti langu.

Na hakuna aliyetamka neno baridi. Hilo ndilo la ajabu. Mimi nisingelisema, maana hapo ni kwetu. Mushi asingelisema, maana kwao kuna kubwa zaidi. Salimu hakulisema kwa adabu tu, asimuudhi mfiwa.

"Hii?" akasema Mushi bila kuulizwa. "Hii kwetu tunaanikia kahawa."

Baada ya muda nikasikia kitu kinagonga gonga gizani. "Mushi, ni nini hicho?"

"Natafuna karanga," akasema. Karanga hatukuwa nazo. Yalikuwa meno yake.

Salimu akaitoa chupa yake, akaipindua juu chini. Mafuta hayakusogea. Yalikuwa meupe pe, magumu. "Jamani," akasema taratibu, "mafuta yangu yameganda yote. Tangu nizaliwe sijayaona hivi." Tukacheka, na yeye akacheka, na chupa hiyo ndiyo ikawa kipimo chetu cha baridi. Kila alipoipindua tulijua bado.

Kisha akaacha kuipindua. Akaacha na kutetemeka. Mimi, mjinga, nikafurahi, nikadhani amepata joto. Halafu nikamsikia anafungua vifungo vya shati. "Jua kali leo," akasema. "Nataka kushuka kuoga baharini."

Mushi akainuka. Safari hii hakusema kwao kuna nini. Akanishika mabega akasema, "Yona, huyu anatutoka. Watu wako wapi?"

Mwanangu, nataka unielewe vizuri hapa. Chini ya kilima kile kulikuwa na nukta nyekundu ya moto, ndogo, haizimiki. Nilikuwa naiona tangu jua lilipozama. Ulikuwa moto wa mama yangu. Kutoka tulipokuwa hadi pale ni mwendo wa mtu kumaliza muwa mmoja. Nilikuwa nimekaa nikimtazama rafiki yangu anaganda, na mlango wa kwetu uko wazi mbele ya macho yangu, nami naogopa vijana wawili wasione paa la udongo. Nimefanya makosa mengi maishani, lakini hilo ndilo ambalo hata leo likinijia naona haya nikiwa peke yangu.

"Kwetu ni pale chini," nikasema.

"Si umesema kumefungwa?"

"Hakujafungwa. Hakujawahi kufungwa."

Tukamviringisha Salimu kwenye lile hema, ambalo hapo ndipo lilipofanya kazi kwa mara ya kwanza, tukambeba kuteremka kilima.

Nilipopiga hodi, baba akatoka mwenyewe. Mzee Ndahani hakuwa mtu wa maneno. Akatutazama, akamgusa Salimu shingoni, akasema, "Mvueni nguo mbichi. Mlazeni katikati ya ndama." Mushi akaingia na kichwa chake kikagonga kizingiti cha mlango, kikatoa mlio wa ngoma. Mama akaleta ngozi na mablanketi. Tukamlaza Salimu kwenye majani makavu, ndama huku na ndama huku, nao wakamkubali kana kwamba walikuwa wanamngoja.

Nilitaka kumnywesha uji upesi, baba akanizuia. "Bado. Mpaka atetemeke. Mtu anayetetemeka yu hai anapigana. Asiyetetemeka ndiye wa kuogopwa." Hayo aliyajua kutokana na miaka yake ya kuchunga.

Basi tukakaa kungoja. Na Mushi, mtoto aliyelelewa vizuri, akaona si adabu kukaa kimya katika nyumba ya wafiwa. Akajipangusa vumbi, akasema, "Shikamoo, mzee. Poleni sana na msiba."

"Marahaba," akasema baba. "Msiba gani?"

"Wa marehemu dada yako, mzee. Shangazi Nyemo."

Ndani ya tembe hata mbuzi wakaacha kucheua. Kisha upande wa jiko, gizani, akainuka mwanamke mnene mwenye kata ya uji mkononi.

"Nyemo ni mimi," akasema. "Nimekufa lini?"

Alikuwa ametoka Chemba siku mbili nyuma kuja kula sikukuu kwa kaka yake. Mushi akapiga ukelele ambao naamini ulisikika Bahi stesheni, akarudi kinyumenyume, akamkalia mbuzi. Mbuzi akapiga ukelele wake. Mama akaanza kuomba kwa sauti. Na shangazi akasimama pale, akinitazama mimi, akingoja cheti chake cha kifo.

Nikasema yote. Nyumba ya bati, vyumba sita, varanda, tumbo lililomuua, watoto wanne. Hapo tu ndipo alipochukia kweli: "Wanne? Wangu ni saba! Watatu umewazika na nani?"

Baba hakucheka wala hakugomba. Alikuwa anamtazama Salimu, na mimi nikageuka kumtazama pia, na aibu yangu ikaniondoka kwa sababu hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu hiyo. Nilikaa nimeshika mguu wake uliokuwa baridi kama jiwe la kusagia, nikamwahidi Mungu mambo mengi, mengine hata leo sijayatimiza.

Sijui tulikaa muda gani. Ndama mmoja akainua shingo, akanusa kile kichwa chenye mafuta ya nazi ya miaka yote, akakipenda. Akaanza kukilamba. Akakilamba toka paji la uso hadi kisogo, taratibu, bila kuacha mahali. Na Salimu, amefumba macho, akanung'unika, "Basi, mama, inatosha, yasije yakaisha."

Kisha akaanza kutetemeka. Akatetemeka mpaka majani yakawa yanalia chini yake, na sisi wote tukashangilia kana kwamba amefunga bao. Mama alilia. Shangazi akakaa upande wa kichwa chake na kata ya uji wa uwele, akimnywesha kidogo kidogo. "Kunywa, mwanangu," akamwambia. "Si kila siku mtu anapikiwa na marehemu." Akanigeukia mimi. "Ng'ombe akivunjika mguu hukimbilia zizini. Huyu wetu kazunguka kilima kwanza."

Kulipokucha Mushi alikuwa bado amelala, amemkumbatia yule mbuzi aliyemkalia. Alipoamka akatazama dari la fito, akatazama ndama, akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake kabla wala baada: "Kwetu hatuna nyumba yenye joto namna hii." Na ile chupa ya Salimu, iliyowekwa karibu na jiko, mafuta yake yalikuwa yameyeyuka yote, yanacheza ndani.

Baba akaniita zizini. Nilijua umri wa fimbo umepita, lakini nilizitamani, kwa sababu alichonipa kilikuwa kizito zaidi. Alikuwa anakamua, hakuniangalia. Akasema, "Ungeniambia unaionea haya nyumba, mimi na mama yako tungekwenda kulala kwa jirani. Ninyi mngelala ndani, msipate baridi."

Hilo tu. Akaendelea kukamua. Nami nikalia pale katikati ya ng'ombe, kijana wa viatu vya kamba.

Shangazi Nyemo aliifurahia habari ile maisha yake yote. Kila alipobisha hodi kwangu mjini alisema, "Fungua, ni marehemu." Salimu alihamia kwao Tanga, lakini kila mwezi wa saba hakuacha kumpelekea chupa ya mafuta ya nazi kwa basi. Na utani huo tukauzoea, mpaka tukasahau kwamba siku moja utatudai.

Mwaka juzi, mwezi huohuo wa saba, shangazi alifariki. Mushi alikuwepo nami hospitalini, akaona kwa macho yake. Nikampelekea Salimu ujumbe wa simu: Shangazi Nyemo amefariki. Akajibu baada ya dakika moja: "Safari hii nyumba ina vyumba vingapi?" Nikampigia. Akapokea akiwa tayari anacheka, akacheka mpaka akakohoa, akasema nimsalimie marehemu, akakata. Nilipopiga tena hakupokea. Mpaka kesho yake usiku Mushi alipompata na kumwambia, sisi tulikuwa tumekwisha kuzika.

Alifika siku iliyofuata, mzee mwenzangu, mvi tupu, na chupa mkononi. Asubuhi ile ilikuwa na baridi, mafuta yameganda. Akakaa jikoni kwa shangazi, akaishika chupa katikati ya viganja vyake muda mrefu, mpaka mafuta yakayeyuka. Na hapakuwa na mtu wa kumpa.

Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Basi mwanangu, sikiliza. Nyumba njema si mlango. Usiionee haya nyumba iliyokupa joto, iwe ya udongo, iwe ya nyasi, iwe chumba kimoja cha kupanga, kwa maana siku upepo ukikugeukia, utakimbilia humohumo. Ukisikia baridi, sema nasikia baridi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku ile nusura kifo kiniumbue kwa mwili wa rafiki yangu. Ukienda kupiga kambi, lifungue hema kabla ya safari, na mwenzako akiacha kutetemeka usifurahi. Na uongo, hata ule wa kuchekesha, hata ule uliokwisha kusamehewa, utunzie nafasi mbali na watu unaowapenda. Mimi niliutumia siku moja tu, na siku nilipokuwa na ukweli mzito kuliko yote, hakuna aliyeniamini kwa wakati.

Mungu akupe paa lolote, mradi lina joto. Akupe wageni wanaoinama mlangoni bila kununa. Akupe rafiki wa kukutetemekea, na shangazi wa kukusuta. Na siku utakapopiga simu ukiwa na msiba, uaminiwe kwa neno la kwanza. Nenda salama, mwanangu, na uchukue blanketi.